Mfupa usiotarajiwa katika eksirei ya goti: Si kila kivuli ni saratani, wala si kila maumivu ni ya mpira

Na Mwandishi Wetu

WATU wengi huenda kupigwa picha ya eksirei ya goti kwa sababu moja, wakatoka hospitalini na jambo jingine kabisa. Mmoja ameanguka na bodaboda na anataka kujua kama amevunjika. Mwingine ana umri wa miaka 60 na goti linamsumbua kila apandapo ngazi. Wa tatu ni mwanafunzi aliyegongwa katika mechi ya mpira wa miguu. Jibu la swali lililowapeleka huko huweza kuwa jepesi, kwamba hakuna mfupa uliovunjika. Lakini chini ya ripoti panakuwa na mstari mmoja wa ziada: pana kimfupa nyuma ya goti, au pana kivuli ndani ya mfupa wa paja, na mgonjwa anashauriwa kumwona daktari bingwa wa mifupa.

Mstari huo mmoja huwanyima watu usingizi. Wapo wanaoamini papo hapo kwamba wamepata saratani na kwamba mguu utakatwa. Wapo pia wanaoitumbukiza bahasha ya picha chini ya kitanda na kwenda kwa mkandaji, kwa kuwa goti, kwa maoni yao, ni jambo la kukandwa kwa mafuta na maji ya moto.

Makundi yote mawili yamo hatarini. Sehemu kubwa ya vitu vinavyoonekana katika mifupa ya goti bila kutarajiwa havina madhara na havihitaji kisu. Hata hivyo, eneo hilohilo la goti ndilo ambalo saratani ya mifupa inayowapata watoto na vijana huanzia mara nyingi kuliko mahali pengine popote mwilini. Makala haya yanaeleza namna mambo hayo mawili yanavyotofautishwa, na nini mgonjwa anapaswa kufanya akiwa na bahasha yake mkononi.

Picha ya eksirei ni kivuli

Miali ya eksirei iligunduliwa Novemba 8, 1895 na mwanafizikia wa Ujerumani, Wilhelm Röntgen, katika mji wa Würzburg. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia mwaka 1901. Tangu wakati huo mitambo imebadilika sana, lakini kanuni ni ileile: miali hupita katika mwili, na kile kinachoizuia huacha kivuli.

Mfupa una madini mengi ya kalsiamu, hivyo huzuia miali na kuonekana mweupe. Nyama na mafuta huonekana kwa rangi ya kijivu. Gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, hauonekani kabisa, wala kano nyingi hazionekani. Ndiyo maana picha inaweza kuonyesha mifupa mizima ilhali mgonjwa amechanika kano na hawezi kutembea.

Kwa sababu hiyo, kivuli hakiji kikiwa na jina lake. Kinaonyesha mahali kilipo, ukubwa, umbo na ukingo. Jina hutolewa na daktari anayelinganisha kivuli hicho na umri wa mgonjwa, historia yake na goti lenyewe linapopapaswa. Aidha, neno 'uvimbe' katika ripoti ya mionzi halina maana ya saratani. Uvimbe ni kitu chochote kilichoota au kujaza nafasi pasipotarajiwa, na nyingi ya uvimbe za mifupa ni za kawaida zisizosambaa.

Wale wanaohofia mionzi yenyewe wajue kwamba kiasi kinachotumika kupiga picha ya goti ni kidogo mno. Hakizidi kile ambacho kila binadamu hukipata katika muda wa siku chache kutoka ardhini na angani.

'Harage dogo' nyuma ya goti

Mfano mzuri wa mfupa usiotarajiwa ni ule uitwao fabela, jina la Kilatini lenye maana ya harage dogo. Ni kimfupa cha mviringo kinachokaa nyuma ya goti, upande wa nje, ndani ya kano ya msuli wa shavu la mguu. Katika picha iliyopigwa kwa ubavu huonekana kama punje nyeupe inayoelea nyuma ya mfupa wa paja.

Si kila mtu anayo fabela. Mwenye nayo hakuumia ili aipate. Baadhi ya wanyama, wakiwamo mbwa na paka, huwa nayo kama sehemu ya kawaida ya maumbile yao.

Mwaka 2019, watafiti wa Imperial College ya London walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za zaidi ya magoti 21,000, zilizokusanywa katika nchi 27 kwa kipindi cha takriban miaka 150. Walikadiria kwamba mwaka 1918 fabela ilionekana kwa watu 11 katika kila 100, na kwamba kufikia mwaka 2018 ilikuwa kwa watu 39 katika kila 100. Maelezo waliyoyapendekeza ni lishe: binadamu wa leo ni mrefu na mzito zaidi, misuli ya shavu la mguu ni mikubwa zaidi, na kano zinazobeba mzigo huo huchochewa kutengeneza mfupa.

Watafiti hao walieleza pia kwamba watu wenye ugonjwa wa kulika kwa magoti wana uwezekano mara mbili zaidi wa kuwa na fabela. Hata hivyo, haikuthibitika kwamba kimfupa hicho ndicho kinachosababisha ugonjwa huo.

Kwa mgonjwa, jambo la kukumbuka ni kwamba fabela hudhaniwa kimakosa kuwa kipande cha mfupa kilichomeguka na kuingia ndani ya kiungo. Kipande kilichomeguka huweza kuhama mahali na kulifanya goti likwame ghafla, wakati fabela hubaki palepale katika kila picha. Ni watu wachache tu ambao fabela huwauma kiasi cha kuhitaji tiba.

Pia ya goti yenye vipande viwili

Mfano wa pili hutokea katika pia ya goti, ambayo wengine huiita kilegesambwa. Mtoto huzaliwa pia yake ikiwa gegedu tupu, kisha mfupa huanza kujengeka ndani yake katika miaka ya mwanzo ya utoto. Kwa baadhi ya watoto kiini cha pili cha mfupa hutokea pembeni, na kisipoungana na kile kikubwa, mtu hukua akiwa na pia ya vipande viwili. Inakadiriwa kwamba hali hiyo iko kwa takriban watu 2 katika kila 100, na huwapata wanaume zaidi ya wanawake.

Tatizo huja siku mtu huyo anapoanguka na kupigwa eksirei. Mstari unaotenganisha vipande hivyo hufanana na ufa, na asiye makini anaweza kumfunga hogo mtu ambaye hakuvunjika. Wataalamu hutofautisha kwa alama tatu. Kwanza, kipande cha kuzaliwa nacho kwa kawaida hukaa kona ya juu upande wa nje. Pili, kingo zake ni laini na za mviringo, wakati mfupa uliovunjika huwa na kingo kali. Tatu, katika baadhi ya watu wenye hali hiyo goti la pili nalo liko vivyo hivyo, kwa hiyo picha ya goti lisilouma inaweza kumaliza ubishi.

Vinundu na vivuli vya utotoni

Mfupa wa mtoto bado unajengwa, na eneo la goti ndilo linalokua kwa kasi zaidi katika mguu. Haishangazi basi kwamba alama nyingi za ukuaji hubakia hapo.

Kinundu kinachojulikana sana ni kile kinachotokeza chini kidogo ya pia ya goti, mahali ambapo kano kubwa hushikana na mfupa wa muundi. Kilielezwa mwaka 1903 na madaktari wawili waliofanya kazi mbalimbali, Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, na hadi leo huitwa kwa majina yao. Huwapata hasa watoto wa kati ya miaka 10 na 15 wanaokimbia na kuruka sana. Maumivu huisha ukuaji unapokoma, ingawa kinundu, na wakati mwingine kipande kidogo cha mfupa, huweza kubaki maisha yote. Mtu mzima wa miaka 40 anaweza kuambiwa ana kitu cha ajabu gotini, kumbe ni kumbukumbu ya mpira wa shuleni.

Kingine ni doa jeusi lenye ukingo mweupe pembeni mwa mfupa wa paja, karibu na goti. Wataalamu huliita faibroma isiyo na mfupa. Ni mahali ambapo nyama ngumu imechukua nafasi ya mfupa kwa muda. Inakadiriwa kwamba hutokea kwa takriban mtoto 1 katika kila 3, na wengi hawajui kamwe. Doa hilo hujaa mfupa lenyewe mtoto anapokuwa mtu mzima. Likiwa dogo halihitaji tiba, ila likiwa kubwa sana huweza kuudhoofisha mfupa.

Halafu ipo osteokondroma, kijipembe cha mfupa chenye kofia ya gegedu kinachoota kutoka karibu na goti na kuelekea mbali na kiungo. Hiyo ndiyo inayoongoza miongoni mwa uvimbe za mifupa zisizo za saratani. Hukua pamoja na mtoto na husimama anapoacha kurefuka. Kijipembe kimoja hugeuka kuwa saratani kwa nadra, kiasi cha mtu 1 katika kila 100. Mwenye navyo vingi, hali ambayo hurithiwa katika familia, yumo katika hatari kubwa zaidi na anapaswa kufuatiliwa. Kanuni kwa wote ni moja: kijipembe kinachoanza kukua au kuuma baada ya mtu kuwa mzima si cha kungojea.

Katika orodha hiyo wamo pia 'kisiwa cha mfupa', kidoa cheupe cha mfupa mgumu kisicho na madhara, na enkondroma, kifuko cha gegedu kilichosahaulika ndani ya mfupa tangu ukuaji. Vyote viwili kwa kawaida hugunduliwa kwa bahati tu.

Selimundu, usaha na kifua kikuu

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki yapo mambo ambayo vitabu vya ughaibuni huyataja kwa ufupi, lakini hapa hayana budi kukumbukwa.

La kwanza ni selimundu, maarufu kwa jina la sikoseli. Chembe nyekundu za mgonjwa huyo huziba mishipa midogo, na sehemu ya mfupa hufa kwa kukosa damu. Kovu lake huonekana katika eksirei kama kivuli chenye ukingo uliopindapinda, na linaweza kufanana na enkondroma. Mwenye selimundu anapaswa kulisema jambo hilo kabla picha haijasomwa, kwani linabadilisha tafsiri yote.

La pili ni maambukizi. Bakteria huweza kuingia katika mfupa kupitia damu na kutengeneza usaha, hususan kwa watoto, na wenye selimundu wako katika hatari zaidi. La tatu ni kifua kikuu cha mifupa, ambacho huweza kulivimbisha goti polepole kwa miezi mingi bila ya mgonjwa kukohoa hata kidogo. Maambukizi haya huweza kufanana na saratani katika picha, na saratani nayo huweza kufanana na maambukizi. Hapo ndipo vipimo vya damu na vya maabara huhitajika.

Maswali matatu ya kupambanua

Daktari anapokitazama kivuli asichokitarajia, hujiuliza maswali matatu makubwa.

La kwanza ni umri. Kati ya miaka 10 na 20 ndipo osteosakoma, saratani inayoanzia katika mfupa wenyewe, huwa na nguvu zaidi. Kati ya miaka 20 na 40 hutafutwa uvimbe wa seli kubwa, ambao kwa kawaida si saratani lakini hula ncha ya mfupa hadi karibu na kiungo. Baada ya miaka 40 daktari hufikiria saratani iliyosafiri kutoka kwingine, kama vile titi, tezi dume, mapafu au figo, na pia saratani ya uboho.

Swali la pili ni maumivu. Kitu kilichogunduliwa kwa bahati, kisichouma, kwa mtu aliyekwenda kupimwa jambo jingine, mara nyingi si kibaya. Maumivu yasiyohusiana na kazi wala mchezo, yanayomwamsha mtu usiku na kuongezeka wiki hadi wiki, hayo ni onyo.

Swali la tatu ni ukingo. Kitu kinachokua polepole huupa mfupa muda wa kujenga ukuta kukizunguka, hivyo huonekana kimechorwa kwa mstari safi. Kinachokua kwa kasi hakiachi muda huo. Ukingo wake hufifia kama wino uliomwagika kwenye karatasi, ganda la mfupa hutoboka, na utando wa nje wa mfupa huinuliwa na kuacha umbo la pembetatu au miali kama ya jua. Pembetatu hiyo huitwa kwa jina la Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, Marekani, aliyeanzisha mwaka 1920 daftari la kuandikisha wagonjwa wa saratani za mifupa.

Kijana anayeuma usiku

Osteosakoma ni ugonjwa wa nadra, lakini takriban nusu au zaidi ya wagonjwa wake huupata kuzunguka goti: mwisho wa mfupa wa paja au mwanzo wa mfupa wa muundi. Waathirika wengi ni vijana wenye afya njema, wanaocheza na kuanguka kama wenzao. Kwa hiyo maumivu ya kwanza husingiziwa mpira, au husemwa kwamba mtoto anarefuka.

Kuanguka hakusababishi saratani hiyo. Kinachotokea ni kwamba kuumia humfanya mtu alitazame goti ambalo tayari lilikuwa na tatizo. Jeraha la mchezo kwa kawaida hupata nafuu kadiri siku zinavyopita. Goti la kijana ambalo baada ya wiki kadhaa linauma zaidi, linavimba juu au chini ya kiungo, au linamfanya achechemee, lipigwe picha. Kulikanda goti la namna hiyo hakuondoi ugonjwa, bali hupoteza miezi ambayo haitarudi.

Miezi hiyo ina thamani. Kabla ya dawa za saratani kuanza kutumika katika miaka ya 1970, mgonjwa hukatwa mguu na bado ni takriban watu 20 tu katika kila 100 waliopona, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umekwishafika mapafuni. Katika nchi zenye huduma kamili, wagonjwa ambao saratani yao haijasambaa sasa huishi kwa kiwango cha kati ya 60 na 70 katika kila 100, na wengi huondolewa sehemu ya mfupa iliyoathirika huku mguu ukibaki. Anayejificha kwa kuogopa kukatwa mguu ndiye anayejiongezea uwezekano wa kukatwa.

Kinyama kichukuliwe wapi

Pale ambapo picha inatia shaka, uthibitisho hupatikana kwa kuchukua kinyama kidogo na kukipima maabara. Kazi hiyo huonekana ndogo, lakini si ya kufanywa popote. Njia ambayo sindano au kisu kimepitia huweza kuchafuliwa na chembe za saratani, na ikiwa imepitishwa mahali pasipofaa, mguu ambao ungeweza kuokolewa huenda ukapotea.

Mwaka 1996 Henry Mankin na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 597 waliochukuliwa vinyama. Waligundua kwamba makosa na matatizo yalikuwa mara 2 hadi 12 zaidi pale kazi ilipofanywa katika hospitali iliyompeleka mgonjwa rufaa badala ya kituo ambacho kingemtibu. Wagonjwa 18 walikatwa viungo bila ulazima kwa sababu hiyo.

Funzo lake ni kwamba kinyama kichukuliwe na timu ileile itakayofanya upasuaji, baada ya kipimo cha MRI pale kinapopatikana. Kwa Tanzania, njia ya rufaa huelekea katika Taasisi ya Mifupa (MOI) iliyoko Muhimbili, au hospitali za kanda kama KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, jijini Dar es Salaam, hutoa tiba ya saratani yenyewe.

Picha safi, goti bado linauma

Lipo pia jambo la kinyume. Eksirei isiyo na dosari haimalizi shauri. Mfupa lazima upoteze kati ya asilimia 30 na 50 ya madini yake mahali fulani kabla ya tundu kuonekana katika picha. Ikiwa maumivu yanaendelea, picha irudiwe baada ya wiki chache au kipimo kikubwa zaidi kifanyike.

Vile vile, goti huweza kuuma kwa ajili ya nyonga. Watoto na vijana ambao kichwa cha mfupa wa paja kimeteleza huonyesha goti wanapoulizwa wanaumia wapi, na picha ya goti hutoka safi. Mtoto anayechechemea apimwe nyonga pia.

Afanye nini mgonjwa?

Aliyekabidhiwa ripoti yenye mstari usiotarajiwa aanze kwa kuomba kuelezwa maana ya kila neno asilolielewa. Aulize mambo manne: kitu hicho kina ukingo safi au uliofifia, kinafanana na kitu kinachojulikana kuwa hakina madhara, kinahitaji picha nyingine au la, na kama kinahitaji, baada ya muda gani.

Pili, atafute picha zake za zamani. Kivuli kilichokuwapo miaka mitano iliyopita kwa ukubwa uleule huweza kumwondolea mtu haja ya kipimo cha gharama, na pengine haja ya kisu. Bahasha za eksirei hazipaswi kutupwa.

Tatu, asiende haraka upasuaji kwa sababu tu kitu kimeonekana. Fabela, pia ya vipande viwili na kisiwa cha mfupa havikuletwa na ugonjwa, na kuviondoa bila sababu ni kumtia mtu kovu na gharama bure.

Nne, maumivu ya usiku, uvimbe unaokua, homa isiyoeleweka, kupungua uzito, au mfupa kuvunjika kwa kishindo kidogo, yasisubiri tarehe ya kliniki ijayo. Mwenye dalili hizo arudi hospitalini na bahasha yake mapema, hata kama ripoti ya kwanza ilisema hakuna tatizo.